Nyumba Yangu Lazima Iingie Shimoni

Jumatatu, 3 Agosti 1970

Siku kuu! Siku ya kihistoria! Kampuni inafungua shimo jipya la shaba upande wetu wa barabara ya Kamatanda. Shimo la wazi, la mitambo mikubwa, la kina cha kumeza kanisa na kengele yake. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alipita asubuhi na filimbi yake akatangaza: nyumba zote zitakazoangukia ndani ya mpaka zitavunjwa. Wanawake wakapiga mayowe. Mimi nikapiga magoti. Kumshukuru Mungu!

Wenzangu waliondoka wakilia kabla shefu hajamaliza. Mimi nilimsikiliza mpaka mwisho. Kumbe kila atakayehamishwa atajengewa nyumba mpya katika mtaa wa Panda. Matofali ya kuchoma! Bati! Bomba la maji uani! Taa ya umeme juu ya mlango! Na mimi, Symphorien, mwandishi wa mabango, mtu ambaye kila baa ya barabara hii ina mkono wake ukutani, ninaishi katika nyumba ya udongo ambayo kila msimu wa mvua inapungua kama kipande cha sabuni.

Nimekwisha kuchagua rangi ya mlango. Bluu.

Angèle sijamwambia. Mke huambiwa jambo likiwa limeiva.

Jumatano, 5 Agosti

Wapimaji wamefika! Mkubwa wao ni kijana wa Lubumbashi anayeitwa Lambert, jeometa wa kweli, mwenye chombo cha miguu mitatu na kofia safi. Wanapigilia vigingi. Kigingi chekundu: uko ndani ya shimo, unahama. Kigingi cheupe: uko nje, unabaki.

Niliwafuata asubuhi yote. Niliwabebea kamba bila kuombwa. Nilimpa Lambert munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi anachotengeneza Angèle, kibuyu kizima. Vigingi vikaja. Chekundu. Chekundu. Chekundu tena. Wakafika kwa jirani yangu Barthélemy. Chekundu! Wakafika kwenye pembe ya jiko langu.

Cheupe.

Barthélemy ndani, mimi nje! Barthélemy, dereva wa garimoshi aliyestaafu, sauti nzito ya kwaya! Alipata redio kabla yangu. Alipata baiskeli ya taa kabla yangu. Alipata hata miwani kabla yangu, na macho yake hayana ubovu wowote! Leo alisimama kwenye ua wake akitazama kigingi chake chekundu huku machozi yakimtoka. Machozi ya furaha, mbele ya watu! Majivuno gani haya?

Nilimuuliza Lambert kwa adabu kama hakukosea. Akasema shaba inakwenda inakotaka yenyewe, na mshipa wake unakata kona kabla ya jiko langu. Nikamwambia mshipa unaweza kushauriwa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Agosti

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nusu ya uso bado ina povu.

Kama shaba haiji kwangu, mimi nitaileta shaba kwangu. Kila mtoto wa Likasi anajua kwamba penye jiwe la kijani pana shaba chini yake. Sasa, jiwe la kijani nitalitoa wapi? Nikatazama kabatini. Yule tembo! Tembo wa malakiti, kijani kibichi, mzito kama dhambi. Shemeji Placide alimpa dada yake Angèle siku ya harusi yetu. Miaka yote hii amekaa pale juu akinitazama kwa dharau.

Angèle alikuwa sokoni. Nyundo ilikuwa karibu.

Nisamehe, tembo. Ni kwa ajili ya nyumba.

Vipande nimevizika nyuma ya jiko, vizuri, kama Mungu mwenyewe alivyovizika vingine.

Ijumaa, 7 Agosti

Nilianza saa mbili asubuhi. Nilijifanya nachimba choo kipya. Jembe likagonga jiwe. Nikapaza sauti: Shaba! Shaba! Mungu wangu, shaba!

Kosa langu ni moja tu: nilipaza vizuri mno. Nilitaka Lambert asikie. Kartie yote ikasikia. Walikuja na majembe, na masururu, mama mmoja na mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu. Kabla sijasema neno, uani kwangu palikuwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe mwitu. Karanga za Angèle ziling'olewa zote. Choo cha zamani kikaingia ndani ya choo kipya.

Hatimaye Lambert akafika. Watu wakamfungulia njia. Akaokota kipande kikubwa kuliko vyote. Akakitemea mate. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakigeuza huku, akakigeuza kule. Roho yangu ilikuwa tayari inafungua bomba kule Panda.

"Papa Symphorien," akasema polepole, kwa heshima kubwa. "Hii jiwe iko na sikio."

Sitaandika jinsi walivyocheka. Karatasi ina haya.

Barthélemy peke yake hakucheka. Alileta koleo lake akafukia mashimo mpaka jua lilipozama, bila kuombwa. Anajionyesha kwamba ana koleo!

Angèle kwa kawaida huniita baba Mélanie, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Kambove. Akiniita Symphorien, najua mambo yameharibika. Leo aliokota vipande kimoja kimoja kwenye kitambaa chake, akasema, "Symphorien. Hii tembo ilikuwa kitu moja tu ya ndoa yetu yenye ilikuwa haiyapasuka."

Nimekula bukari bila mboga.

Jumapili, 9 Agosti

Ushindi!

Nimekaa siku mbili nikijilaumu kama mjinga. Kuhangaika na mawe! Mimi ni fundi wa nini? Wa rangi! Na kigingi kinatofautianaje na kigingi kingine? Kwa rangi! Na nini kilichobaki stoo kwangu tangu nilipoandika ukuta wa baa ya shefu? Nyekundu, kopo zima!

Asubuhi nilisema tumbo linauma. Angèle akaenda misa peke yake. Kartie ikawa tupu kabisa, mbuzi tu na mimi. Nikakipaka kigingi changu. Dakika moja tu. Chekundu! Tamu!

Halafu nikasimama mbali kidogo nikaangalia. Hapana. Kigingi kimoja chekundu kimejitokeza kati ya vyeupe kama jino bovu. Mtu yeyote angetambua. Mstari lazima upinde taratibu. Basi nikapaka kinachofuata. Na kinachofuata. Msanii akifanya kazi hatazami kulia wala kushoto. Nilikuwa napiga mluzi! Nilipomaliza, mpaka ulipinda kama shingo ya korongo. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo maishani mwangu.

Nilikuwa nyumbani nimejilaza na kitambaa tumboni niliposikia kelele kutoka kanisani.

Korongo wangu amelimeza kanisa.

Nilikuwa nimepaka vigingi vya kila upande wa mlango wa kanisa letu dogo. Rangi mbichi. Katekista Théodore, mzee wa watu, alitoka wa kwanza na kanzu yake nyeupe, akaegemea kimojawapo ili apate pumzi, akainuka na mstari mwekundu toka bega mpaka kiunoni. Mama mmoja akazimia. Wengine wakasema ni damu ya mashahidi.

Ni rangi ya baa. Lakini nani wa kuwaambia?

Jumatatu, 10 Agosti

Kartie inachemka! Kampuni inataka kubomoa kanisa! Théodore amekusanya watu wote. Jumamosi hii ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na siku hiyohiyo wakubwa wa Chama wanafika kutoka Lubumbashi kutembelea komini, manispaa yetu. Théodore amesema, kama kanisa litaguswa, maandamano ya Bikira hayataishia kanisani; yatakwenda na misalaba mpaka mbele ya wageni. Burgumestre, mkuu wa komini, amesikia habari hizo akaitisha mkutano wa haraka Jumatano. Kampuni itakuwapo. Lambert atakuwapo na ramani.

Sasa watu wanaotaka kuandamana wanahitaji nini? Mabango. Na nani anaandika mabango hapa?

Walikuja mlangoni kwangu wakiimba. Ningekataaje? Wamenifanya mwenyekiti wa kamati! Mimi! Barthélemy ni katibu tu! Nimeandika mchana kutwa: MUNGU HAHAMISHWI. KANISA SI MCHANGA. Herufi zenye kivuli, za daraja la kwanza.

Angèle alikuja akasimama nyuma yangu. Akatazama kopo la rangi. Akatazama suruali yangu ya Jumapili kwenye kamba. Akanitazama mimi.

"Ile tumbo yenye ilikuumiza jana," akasema, "inatoaka rangi?"

Nikaona bora nimweleze yote kuhusu Panda. Bomba! Taa! Nilitegemea atanikumbatia. Akaniuliza kama bomba linazaa karanga. Akasema anauza munkoyo kwa wafanyakazi wa zamu hapa barabarani, na muhogo wake uko nyuma ya nyumba, na kule Panda nyumba zina bustani za maua na walinzi wanaofukuza wauzaji. "Minye siko na mupango ya kuhama. Uliniulizaka?"

Sikumuuliza. Ilikuwa iwe zawadi.

Haidhuru. Mpango wangu bado uko imara. Jumatano nitasimama kama mwenyekiti, nitaomba mpaka uzunguke kanisa, kanisa tu, basi. Kanisa linabaki, jiko langu linakwenda. Théodore anafurahi, kampuni inafurahi, mimi Panda. Hata mfalme Suleimani hakufikiria hivi!

Jumatano, 12 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Ukumbi wa komini ulijaa mpaka madirishani. Mbele alikaa Burgumestre, mhandisi wa kampuni mwenye tai, na Lambert. Burgumestre akaanza: nchi inahitaji shaba, shaba ndiyo barabara, shaba ndiyo shule. Watu wakaguna. Kisha Lambert akasimama, akafungua ramani, akasema mpaka wake haujawahi kugusa kanisa. Kuna mkono usiojulikana uliopaka vigingi.

Nikaficha vidole vyangu mifukoni.

Lakini hakuna aliyemwamini! Wakapiga kelele kwamba kampuni sasa inaogopa, inajificha nyuma ya ramani. Mama mmoja akasema leo wanakana, kesho wanaleta tingatinga. Théodore akainua mkono, akasema mwenyekiti atazungumza.

Nikapanda juu ya benchi. Maneno niliyajua kwa moyo: kanisa, kanisa tu. Nikasema, "Ndugu zangu!" Wakapiga makofi.

Lazima nieleze kitu. Nina umri wa miaka hamsini. Nimeandika majina ya watu wengine kwenye kuta za watu wengine tangu nilipokuwa kijana. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi.

Nikasema kanisa letu halitaguswa. Makofi! Nikasema, lakini kanisa ni nini bila watu wake? Wakasimama! Sikutaka kusema hivyo. Ulikuwa mdomo. Nikajaribu kushuka kwenye benchi, wakanizuia. Mdomo ukaendelea. Nikausikia ukisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuwa nayo:

"Hata nyumba moja isiguswe! Hata jiko! Hata choo!"

Vigelegele! Ukumbi ulitikisika. Na cha kwanza kupaa kilikuwa cha Angèle wangu, amesimama juu ya kiti, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Sikuwa nimemsikia akipiga kigelegele tangu harusi ya Mélanie.

Burgumestre akamnong'oneza mhandisi. Mhandisi akamnong'oneza Lambert. Nilisikia neno "Jumamosi" mara nyingi. Lambert akaonyesha kitu kwenye ramani kwa penseli. Burgumestre akasimama, akafuta jasho, akatangaza kwamba komini imesikia kilio cha wananchi. Shimo litaanzia ng'ambo ya barabara, porini, ambako hakuna makao ila vichuguu vya mchwa. Hakuna hata nyumba moja itakayohamishwa.

Hata moja!

Walinibeba mabegani. Kutoka kule juu nilitazama kwa dirisha upande wa Panda, nikaiaga nyumba yangu. Kwaheri bati. Kwaheri bomba. Nikalia kwa sauti. Watu wakaambiana: tazameni anavyotupenda!

Nje, Barthélemy alinishika kwa mikono miwili. Analia tena, mtu huyu! Akaniambia tangu siku ya kile kigingi chekundu hajapata usingizi. Michungwa yote iliyo kwake, kila mmoja aliupanda siku mtoto wake mmoja alipozaliwa. Watoto wawili walikufa wadogo. Michungwa yao bado inazaa.

"Ndugu," akasema, "ningeiachiaka nani?"

Kwa hiyo yale machozi hayakuwa ya majivuno. Jambo hilo limenisumbua jioni nzima. Ameniletea kapu la machungwa. Nilitaka yawe machachu. Matamu kabisa. Nimeyala yote.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimekaa mstari wa mbele! Karibu na wageni kutoka Lubumbashi! Maandamano yamekuwa ya shukrani. Bikira alibebwa na vijana wenye nguvu, Théodore na kanzu mpya, kwaya ikaimba, Barthélemy akanguruma kama garimoshi lake. Burgumestre alinitambulisha kwa wageni kama mfano wa mwananchi anayeshirikiana na serikali yake. Mgeni mmoja alinipa mkono. Mkono laini kama siagi!

Baada ya sherehe Lambert alinivuta pembeni. Alinishika vidole akatazama kucha zangu kwa muda. Wekundu bado umebaki humo, umegoma kutoka. Nikaona gereza. Nikaona Angèle akiniletea bukari kwenye sahani ya bati.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, akichora mstari hewani kwa kidole, "ule mulongo wako ulikuwa muzuri kupita wangu."

Kisha akasema kampuni ina vigingi vingi ng'ambo ya barabara, inatafuta mtu mwenye mkono uliotulia wa kuvipaka. Kazi ya kudumu. Mshahara wa mwezi. Posho ya unga.

Nilikataa, bila shaka! Nilimwambia kwa upole kwamba mimi si mtu wa vigingi. Mimi ni mtu wa mipango. Akanitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima.

Angèle alikuwa nyuma yetu. Alisikia. Aliniita Symphorien njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 18 Agosti

Tingatinga zimeanza ng'ambo. Ving'ora! Vumbi! Leo bukari lilikuwa jekundu. Ukuta wa mashariki umepata ufa, na bado hawajalipua hata jiwe moja. Kama ningekuwa ndani ya mpaka, sasa hivi ningekuwa napaka mlango wangu bluu kule Panda.

Angèle anaimba. Wafanyakazi wa shimo jipya wanavuka barabara kwa mkumbo, na munkoyo wake unakwisha kabla ya saa sita. Amepanda karanga upya pale nilipovumbua shaba. Lambert naye anakuja kunywa kila siku, na analipa.

Ndugu yangu Barthélemy (ananiita hivyo, siwezi kumzuia) amenipigia lipu kwenye ufa. Lile sikio la tembo Angèle ameliweka kabatini peke yake. Linanisikiliza.

Jumapili, 23 Agosti

Sijapata usingizi kwa furaha, na bado ni mchana!

Shemeji Placide alikuja kula nasi baada ya misa. Alileta samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, wanene, wa kupikwa na nyanya. Tukiwa tunakula, akasema hivihivi tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba huko ziwani watu wananong'ona. Mashimo mapya yanakula umeme mwingi. Eti bwawa la umeme litaongezwa kimo, na maji ya ziwa yatainuliwa. Eti wapimaji watapita vijiji vya ufukweni, na wale watakaofikiwa na maji watajengewa nyumba mahali pa juu.

Nikaacha kutafuna.

Placide akasema haraka kwamba ni maneno ya wavuvi tu, wavuvi husema mengi wakisubiri nyavu. Angèle akaweka kijiko chini, akasema, "Hapana. Hapana, hapana, hapana." Nikamwambia sijasema kitu. Nilimuuliza tu shemeji, kwa kupita, ufukwe wa kule ukoje.

Barthélemy ameniazima baiskeli yake, ile ya taa, kwa moyo mweupe. Anadhani naenda kutembelea wagonjwa. Naondoka kesho alfajiri. Kibanda cha matete hujengwa upesi. Sijui kuvua. Sijui kuogelea. Miba ya samaki huninasa kooni. Lakini mpimaji hatauliza hayo! Mpimaji anauliza kitu kimoja: unakaa hapa?

Placide anasema, baada ya kijiji cha mwisho, kuna kipande cha ardhi kilicho chini kuliko pote, hata bata hawataki kulala hapo.

Hapo hapo! Maji yakipanda, yatanifikia mimi kwanza!